Kura ya Maoni juu ya Ndoa ya Jinsia Moja: Kwa Nini Waumini Wengi Hubaki Nyumbani, na Muislamu wa Ughaibuni Afanye Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himdi zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, ni chache familia za visiwani zisizokuwa na mtoto, ndugu au ami anayeishi ughaibuni. Wengine wameshachukua uraia wa huko na majina yao yamo katika daftari la wapiga kura. Kutoka kwa familia kama hizo swali hili hujirudia:

Swali: Assalaamu alaykum. Kijana wetu anaishi Ulaya na ni raia wa huko. Tunasikia nchi mbalimbali zinapiga kura ya maoni juu ya ndoa ya jinsia moja. Ikifika kwao, ashiriki au akae mbali na mambo hayo? Na kura ya mtu mmoja ina uzito gani?

Jibu: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Hukumu ya ndoa yenyewe haina mjadala kwetu. Nikahi katika Uislamu ni mkataba baina ya mwanamume na mwanamke, na Qur'an imetueleza katika Suratun Nisaa, aya ya 1, kwamba wanaadamu wameenezwa kutokana na nafsi moja na mwenziwe. Kisa cha watu wa Nabii Lut (A.S.) kimekuja katika sura nyingi, ikiwemo Al-A'raf, aya ya 80 hadi 84. Kitu kinachohitaji kufafanuliwa ni kura yenyewe: inavyofanya kazi, kwa nini watu hawajitokezi, na Muislamu anabeba dhamana gani mbele ya sanduku la kura.

Kura ya maoni inavyofanya kazi

Sisi wa Zanzibar kura ya maoni hatuisikii kwa mbali tu. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wa Unguja na Pemba waliulizwa kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa baada ya uchaguzi mkuu. Hapakuwa na mgombea wala jimbo. Lilikuwepo swali na majibu mawili, Ndiyo au Hapana. Ndiyo ilipata asilimia 66.4, na Katiba ikarekebishwa.

Nchi nyingine huongeza sharti. Haitoshi upande mmoja kupata kura nyingi. Lazima pia idadi fulani ya wapiga kura wajitokeze. Idadi hiyo ndiyo akidi. Isipotimia, matokeo hayahesabiki hata kama upande mmoja umeshinda kwa mbali. Ireland haina akidi. Tarehe 22 Mei 2015 walijitokeza zaidi kidogo ya asilimia 60, na asilimia 62 wakakubali ndoa ya jinsia moja. Slovakia inataka zaidi ya nusu ya wapiga kura wote. Tarehe 7 Februari 2015 walijitokeza kiasi cha asilimia 21 tu, na kura iliyotaka kuilinda ndoa ya mume na mke ikaanguka, ingawa wengi mno wa waliofika walisema Ndiyo.

Kisa cha Romania, Oktoba 2018

Mfano ulio wazi zaidi ni Romania. Katika nchi hiyo zaidi ya watu 8 kati ya 10 hujitambulisha kuwa Wakristo wa Orthodox. Waislamu ni wachache, kiasi cha watu 64,000 katika sensa ya 2011, wengi wao Waturuki na Watatari wanaoishi Dobrogea, kando ya Bahari Nyeusi. Katika mji wa Constanța upo msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1913.

Kifungu cha 48 cha Katiba ya Romania kinasema familia inajengwa juu ya ndoa ya hiari baina ya wanandoa. Neno ni "wanandoa", bila kutaja mume na mke. Jumuiya za kutetea familia zikaanza kukusanya saini ili kifungu kisomeke wazi: baina ya mwanamume na mwanamke. Kufikia mwaka 2016 walikuwa wamekusanya karibu saini milioni 3. Bunge likapitisha, Seneti ikapitisha Septemba 2018, na wananchi wakaitwa kupiga kura Jumamosi na Jumapili, tarehe 6 na 7 Oktoba 2018. Siku mbili nzima, ili asiwepo mwenye udhuru. Akidi yenyewe ilikuwa imeshashushwa miaka michache nyuma kutoka asilimia 50 hadi 30. Kanisa la Orthodox likawahimiza waumini wake wajitokeze.

Mtu angedhani jambo limekwisha. Lakini vituo vilipofungwa Jumapili usiku, waliojitokeza walikuwa asilimia 21.1. Zaidi ya asilimia 90 yao walisema Ndiyo, na Ndiyo hiyo haikuhesabika.

Linganisha hesabu hizo. Walioweka saini walikuwa karibu milioni 3; waliofika vituoni, pande zote mbili pamoja, hawakufika milioni 4. Kampeni ya miaka mitatu, waumini wa nchi nzima na siku mbili za kupiga kura havikuongeza hata watu milioni moja juu ya wale waliokwisha saini.

Hesabu ya akidi: anayesusa naye anapiga kura

Chukua mtaa wa watu 100 wenye haki ya kupiga kura, akidi yao 30. Wanakuja 21, 19 wanasema Ndiyo, 2 wanasema Hapana. Kura imeanguka, kwani 21 haifiki 30. Sasa tuseme wapinzani 9 zaidi wangetoka majumbani kwenda kusema Hapana. Waliojitokeza wangekuwa 30, akidi ingetimia, na Ndiyo ingeshinda kwa 19 dhidi ya 11. Wapinzani wangelishindwa kwa sababu ya kwenda kupiga kura!

Ndiyo maana nchini Romania wapinzani hawakuwaambia wafuasi wao wakapige kura ya Hapana. Waliwaambia wasusie. Na kususia huko kukachanganyika na uvivu wa mvivu, shughuli za mwenye shughuli, na kutojali kwa asiyejali, vyote vikahesabiwa upande mmoja. Mzee wa Orthodox aliyeamini kwa moyo wake wote kuwa ndoa ni ya mume na mke, lakini siku hizo mbili akawa shambani kwake, aliwasaidia wapinzani bila kujua.

Hili ni jibu la sehemu ya mwisho ya swali. Uzito wa kura ya mtu mmoja unategemea kanuni ya nchi. Penye akidi, aliyekaa nyumbani naye amesema kitu. Pasipo akidi, aliyekaa nyumbani amewaachia wengine waseme. Kwa hiyo kijana wenu kabla ya kuuliza "nipige Ndiyo au Hapana", na aulize kwanza: kanuni ya hesabu ni ipi, na swali limeandikwa vipi? Nchini Romania Ndiyo ilikuwa ni kuilinda ndoa ya mume na mke; nchini Ireland Ndiyo ilikuwa ni kuhalalisha ndoa ya jinsia moja. Anayepiga kura kwa kusikia mtaani anaweza kushuhudia kinyume na anachokiamini.

Kwa nini walibaki nyumbani?

Tusiridhike kusema "watu wameacha dini". Sababu zilizojadiliwa Romania ni tatu, na zote zina funzo.

Kwanza, sheria ya kiraia ya Romania tayari ilikuwa hairuhusu ndoa ya jinsia moja. Wengi wakajiuliza: tunakwenda kubadilisha nini? Waliowaita watu hawakuweza kuwaonyesha kwa nini jambo hilo ni la leo.

Pili, jambo la dini liliingia mikononi mwa wanasiasa wasioaminika. Chama tawala kiliisukuma kura hiyo wakati kiongozi wake, Liviu Dragnea, alikuwa amehukumiwa kifungo Juni mwaka huohuo kwa kutumia vibaya madaraka, na rufaa yake ikisubiriwa. Mwezi wa Agosti watu wengi waliandamana katika mji mkuu, Bucharest, dhidi ya rushwa, na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Kwa hiyo ilipokuja Oktoba, wapo walioiunga mkono hoja lakini hawakutaka kumpa ushindi aliyeibeba. Waliiona kura kama pazia la kufunikia mambo mengine.

Tatu, wapo waliokuwa na mtazamo tofauti kabisa. Walisema kuwa kundi dogo la raia lisiwekewe kizuizi ndani ya Katiba, na kwamba familia ni nyingi: mama anayelea peke yake, bibi anayelea wajukuu kwa sababu wazazi wako Italia au Uhispania wakitafuta riziki. Sisi tunatofautiana nao katika hukumu ya ndoa, ila uadilifu unatutaka tuieleze hoja yao kama walivyoisema, wala tusiwazulie.

Sababu ya pili ndiyo ya kuzingatiwa zaidi. Mwito wa haki ukitolewa na mdomo usioaminika, watu huukimbia mdomo na haki wakaiacha hapohapo. Wenye kuwaita watu kwenye dini watazame ni nani wanasimama naye jukwaani.

Bermuda na Australia

Bermuda ni kisiwa kama sisi, chenye watu kiasi cha 60,000, katika Bahari ya Atlantiki. Tarehe 23 Juni 2016 walipiga kura ya maoni juu ya ndoa ya jinsia moja. Karibu watu 7 kati ya kila 10 waliopiga kura walikataa. Lakini akidi ilikuwa asilimia 50, na waliojitokeza hawakufika asilimia 47. Swali likahesabiwa kuwa halikujibiwa. Mwaka uliofuata mahakama iliruhusu ndoa hizo. Desemba 2017 Bunge likapitisha sheria ya kuzizuia na kuweka ubia wa kisheria badala yake. Na kesi ikaenda hadi Baraza la Privy mjini London, ambalo Machi 2022 liliiacha sheria ya Bunge isimame. Karibu miaka sita ya mahakama, kwa jambo ambalo wananchi waliulizwa na zaidi ya nusu yao hawakujibu.

Australia ndiyo yenye funzo la karibu zaidi kwa Waislamu walio wachache. Kati ya Septemba na Novemba 2017 serikali ilituma karatasi kwa posta kwa kila mpiga kura. Uchaguzi wa kawaida huko ni lazima, lakini hii ilikuwa ni hiari. Hata hivyo asilimia 79.5 walirudisha karatasi zao. Matokeo yalitangazwa tarehe 15 Novemba: asilimia 61.6 Ndiyo, asilimia 38.4 Hapana. Kati ya majimbo 150, ni 17 tu yaliyosema Hapana, na 12 kati ya hayo yapo magharibi mwa Sydney, ambako wanaishi wahamiaji wengi, wakiwemo Waislamu na Wakristo wa kutoka Mashariki ya Kati na Asia. Jimbo la Blaxland lilisema Hapana kwa karibu asilimia 74, idadi kubwa kuliko jimbo jingine lolote nchini.

Waislamu hawa walisema wanachokiamini, wakahesabiwa, na wakashindwa. Desemba 2017 sheria ikabadilika. Je, juhudi yao ilipotea? Hapana. Ushahidi wao umeandikwa, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hawakuwepo. Tena sheria yenyewe mpya imewaachia viongozi wa dini, maimamu wakiwemo, haki ya kukataa kufungisha ndoa inayopingana na imani yao. Nikahi yao imebaki kama ilivyokuwa.

Hukumu: ashiriki au asishiriki?

Wanazuoni wa zama hizi wamekhitilafiana juu ya Muislamu kushiriki chaguzi za nchi zisizokuwa za Kiislamu. Wapo waliokataza, kwa kuchelea kuwa ni kuipa sheria ya watu nafasi ya sheria ya Allah. Wengi wameruhusu kwa kuangalia maslaha na kupunguza madhara. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya Rabita, katika kikao chake cha 19 mjini Makka mwaka 2007, liliiweka mas-ala hii katika mlango wa siasa ya kisharia: hupimwa kwa manufaa na madhara, na fatwa hubadilika kwa zama, mahali na hali.

Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan (Allah amrehemu) aliifananisha kura na ushahidi, na shufaa, na uwakala. Katika kura ya maoni hakuna mtu wa kumwombea wala wa kumwakilisha. Kinachobaki ni ushahidi. Unaulizwa, "Unaonaje?" na unajibu. Allah (S.W.) ametukataza kuficha ushahidi katika Suratul Baqara, aya ya 283, na katika Suratun Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha tuusimamishe kwa uadilifu hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu.

Kwa msingi huo, tunaloliona ni kwamba kijana wenu anaweza kushiriki, naye anuie kutoa ushahidi wa anachokiamini. Hakubali kwa kushiriki huko kwamba halali na haramu huamuliwa kwa wingi wa kura. Akifuata kauli ya wanazuoni waliokataza, asilaumiwe wala asiitwe muoga. Ila asibaki nyumbani kwa uvivu kisha akasema ni uchamungu.

Adabu za mjadala

Miezi ya kampeni ndiyo yenye mtihani mkubwa kuliko siku ya kura. Nchini Australia, Bunge lililazimika kupitisha sheria ya muda Septemba 2017 ya kuzuia matusi na vitisho kwa sababu ya kura hiyo. Muislamu asiwe miongoni mwa wanaosababisha sheria kama hiyo.

Asisambaze habari asiyoihakiki. Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakiki, na picha ya WhatsApp isiyojulikana ilikotoka ni habari kama habari nyingine. Asitukane wala asimdhihaki mtu. Aya ya 11 ya sura hiyohiyo imekataza. Asimdhulumu jirani, mfanyakazi mwenzake au mwanafunzi mwenzake kwa sababu ya tofauti hii, kwani Suratul Maida, aya ya 8, imetuonya kuwa chuki juu ya watu isitutoe kwenye uadilifu.

Na hili tuliseme wazi kwa wazazi, wa huko na wa hapa. Ikiwa kijana wenu mwenyewe atawaambia kuwa ana mtihani wa hisia kama hizi, msimpige, msimfukuze, msimtangaze. Hisia aliyojikuta nayo mtu hahesabiwi dhambi mpaka aifuate kwa kitendo. Siri yake ni amana kwenu. Mkalisheni, mumsikilize, mumtafutie mtu wa elimu na hekima. Kijana aliyefukuzwa nyumbani hapotei kwa wazazi tu. Mara nyingi hupotea kwa dini yake pia.

Ndoa hulindwa wapi?

Ndugu msomaji, hapa kwetu hakuna kura kama hiyo mbele yetu, na ni rahisi kuzisoma hesabu hizi tukajiona tuko salama. Tujiulize lile waliloulizwa waumini wa Romania kwa vitendo: watoto wetu wanaiaminije ndoa tunayoitetea?

Mtoto anayemwona baba yake anamwacha mama kwa neno moja la hasira, kisha hatoi matumizi, mama akawa anakwenda na kurudi Mahakama ya Kadhi kwa ada ya skuli ya watoto, atafundishwa msikitini kuwa ndoa ni mapenzi na huruma. Ataamini lipi, alilolisikia au aliloliona? Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa mbora wetu ni aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake, na kwamba kila mmoja ni mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga huyo hachungi kwa siku mbili za Oktoba.

Muhtasari

Kijana wenu anaweza kushiriki kwa nia ya kutoa ushahidi, baada ya kujua swali limeandikwa vipi na kama ipo akidi. Kura yake ina uzito, na kukaa kwake nyumbani pia kuna uzito. Matokeo yoyote hayabadilishi hukumu ya nikahi. Ulimi wake na uadilifu wake wakati wa mjadala ni sehemu ya ushahidi huohuo. Nanyi wazazi mpigieni simu, mzungumze naye juu ya jambo hili kwa utulivu, kabla hajazungumza naye mtu mwingine.

Tunamuomba Allah (S.W.) azihifadhi nyumba zetu na dhuria zetu, walio karibu na walio mbali, na atujaalie kuwa mashahidi waadilifu.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.